Chanjo katika Mwili Wenye Figo ya Mwingine

Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Dawa anazomeza kila siku mtu aliyepandikizwa figo hufanya kazi ya upande mwingine: huuzuia mwili usimshambulie mgeni, kwa kuwa figo yenyewe ni mgeni. Ndiyo maana mtu huyo anaweza kuchomwa sindano siku moja na jirani yake, kutoka chupa moja, jirani akapata kinga kamili na yeye akaambulia kidogo au asipate kabisa. Chanjo haikuwa mbovu, wala muuguzi hakukosea. Mwili ndio uliozuiwa kujifunza.

Kwa Tanzania suala hili si la nchi za mbali tena. Figo ya kwanza kupandikizwa nchini iliwekwa Novemba 2017 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, madaktari wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Hospitali ya BLK ya New Delhi. Mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza huduma hiyo kwa msaada wa wataalamu wa Tokushukai kutoka Japani. Kabla ya hapo wagonjwa walilazimika kupelekwa India. Nchini Uganda, Hospitali ya Mulago ilipandikiza figo ya kwanza Desemba 2023.

Anayepandikizwa hakai hospitalini maisha yake yote. Hurudi kwao, na kwao kunaweza kuwa Bukundi, kata ya wafugaji na wakulima wilayani Meatu, mkoani Simiyu. Hospitali ya rufaa ya kanda iko Bugando, Mwanza. Aliyempasua yuko Dodoma au Dar es Salaam. Kati ya kliniki moja na nyingine, anayemhudumia ni mganga wa zahanati ambaye pengine hajawahi kukutana na mgonjwa wa aina hiyo. Timu ya chanjo ikipita kijijini, swali la kama achanjwe, na kwa chanjo ipi, huulizwa papo hapo.

Mwili unavyojifunza, na dawa zinavyouzuia

Mtu mwenye afya akichanjwa, chembe maalumu hukichukua kipande cha kirusi au bakteria kilichomo katika chanjo na kukipeleka kwenye matezi. Huko kipande hicho huonyeshwa kwa chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Zile zinazokitambua huamka, hutoa ujumbe wa kemikali na kuanza kuzaliana. Kisha huzisukuma seli B, ambazo nazo huongezeka na kugeuka kuwa viwanda vya kingamwili, yaani protini zinazomnasa adui akiingia. Sehemu ya chembe hizo hubaki kwa miaka kama kumbukumbu. Kazi yote huchukua kama wiki mbili hivi, na inategemea mambo mawili: ujumbe ufike, na chembe zizaliane kwa wingi.

Njia hiyohiyo ndiyo mwili huitumia kuikataa figo. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, uliofanywa Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, ulifaulu bila dawa yoyote ya kushusha kinga kwa sababu aliyetoa na aliyepokea walikuwa pacha wa kufanana. Mwili wa mpokeaji haukuona mgeni. Wengine wote huhitaji dawa, na huzihitaji kwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi.

Wagonjwa wengi hutumia dawa tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni takrolimasi, iliyopatikana kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, au saiklosporini, iliyotokana na kuvu wa udongo wa Norwe. Dawa hizi huzima ule ujumbe wa kemikali wa seli T. Ya pili ni maikofenoleti, au ndugu yake mkongwe azathioprini. Hii huzinyima chembe nyeupe malighafi ya kutengenezea vinasaba vipya, hivyo hata zikiamka haziwezi kuzaliana. Ya tatu ni prednisoloni, ambayo hutuliza kinga kwa upana zaidi.

Mchanganyiko huo hauchagui cha kuzuia. Hautofautishi kati ya chembe iliyoiona figo na chembe iliyoiona chanjo. Kati ya dawa hizo tatu, maikofenoleti ndiyo inayotajwa mara nyingi zaidi na watafiti kuwa hupunguza mwitikio wa chanjo, kwa kuwa huzigusa seli B moja kwa moja. Dozi nayo ina uzito wake. Katika miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, hatari ya figo kukataliwa inapokuwa kubwa, dawa hutolewa kwa kiwango cha juu, na huo ndio wakati chanjo huzaa matunda machache zaidi. Umri mkubwa, kisukari na figo mpya isiyofanya kazi vizuri huzidi kuupunguza mwitikio.

Somo lililoletwa na UVIKO-19

Madaktari waliyajua haya kwa miaka mingi kupitia chanjo za mafua na homa ya ini B, lakini janga la UVIKO-19 liliwapa takwimu za haraka na za wazi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, waliwafuatilia watu waliopandikizwa viungo mbalimbali na kuchanjwa chanjo za UVIKO-19 za aina ya mRNA. Baada ya dozi ya kwanza, asilimia 17 tu ya watu 436 walikuwa na kingamwili. Baada ya dozi ya pili, kati ya watu 658, waliokuwa nazo walifika asilimia 54. Kwa watu wenye afya, dozi mbili za chanjo hizo ziliwapa kingamwili karibu wote.

Swali lililofuata lilikuwa kama dozi ya ziada ingesaidia. Madaktari wa Toulouse, Ufaransa, waliwapa dozi ya tatu wagonjwa 101. Kabla ya dozi hiyo asilimia 40 walikuwa na kingamwili. Wiki nne baadaye walikuwa asilimia 68. Huko Toronto, Kanada, wagonjwa 120 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa dozi ya tatu ya kweli na nusu sindano isiyo na chanjo. Waliofikia kiwango cha kingamwili kilichowekwa walikuwa asilimia 55 katika kundi la kwanza na asilimia 18 katika la pili.

Takwimu hizi zina mafunzo mawili. Mwili ulioshushwa kinga haujafungwa kabisa; ukirudiwa somo, wengi huelewa. Lakini wapo wasioelewa hata baada ya dozi tatu, na kwa hao sindano peke yake haitoshi kuwa ngao. Tanzania ilipozindua chanjo ya UVIKO-19 tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa miongoni mwa waliochanjwa siku hiyo, ilianza na chanjo ya Johnson & Johnson, iliyohesabiwa kuwa ya dozi moja. Kwa wenye kinga iliyoshuka, Shirika la Afya Duniani lilishauri dozi ya kuongezea, kwa sababu dozi moja iliyomtosha jirani haikuwatosha wao.

Jambo jingine lililochunguzwa ni kama kusimamisha dawa kwa muda kungesaidia chanjo. Utafiti wa Uholanzi ulijaribu kusitisha maikofenoleti wiki moja kabla na wiki moja baada ya chanjo, ukalinganisha na dozi ya kawaida. Kusitisha dawa hakukuleta faida iliyotarajiwa. Kwa hiyo hakuna sababu ya mgonjwa kuacha vidonge vyake, hata kwa siku chache, eti chanjo ishike. Figo inaweza kukataliwa katika muda mfupi, na kinga inayotafutwa isipatikane.

Wakati bora ni kabla ya upasuaji

Kwa kuwa dawa ndizo zinazouzuia mwili kujifunza, somo linafaa litolewe kabla dawa hazijaanza. Hapo utaratibu wa Tanzania una nafasi ya pekee. Figo zinazopandikizwa nchini hutolewa na ndugu walio hai. Katika nchi zinazotegemea figo za marehemu, simu inaweza kulia usiku na mgonjwa akawa chumba cha upasuaji alfajiri. Kwa Muhimbili na Dodoma, tarehe hupangwa: ndugu hupimwa, damu hulinganishwa, gharama hutafutwa. Hayo huchukua wiki au miezi, na chanjo zinaweza kuingizwa humo bila kuchelewesha jambo lolote.

Chanjo ya kwanza kufikiriwa ni ya homa ya ini B. Kirusi chake huambukiza kwa damu, na mgonjwa ambaye figo zimeshindwa kwa kawaida husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Tena, mtu aliyebeba kirusi hicho kikiwa kimetulia anaweza kuugua ini vibaya kinga ikishushwa. Chanjo hiyo iliingia katika ratiba ya watoto nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo mgonjwa wa miaka 40 leo hakuipata utotoni. Figo zilizoshindwa nazo hupunguza nguvu ya kinga hata kabla ya dawa yoyote. Kwa sababu hiyo mgonjwa anayesafishwa damu hupewa dozi iliyo mara mbili ya ile ya mtu mzima mwenye afya, na kwa baadhi ya chanjo ratiba huwa na sindano nne: mwanzo, mwezi wa kwanza, wa pili na wa sita. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya sindano ya mwisho damu hupimwa. Kingamwili zikifika uniti 10 kwa lita, mtu huhesabiwa kuwa amekingwa, zisipofika, hurudiwa. Aliyeanza chanjo mapema, figo zikiwa bado zinajikongoja, huitikia vizuri kuliko aliyengoja mpaka mashine.

Nyingine ni chanjo ya bakteria wa nimonia, ya mafua, ya UVIKO-19, na ya pepopunda na dondakoo kwa ambaye muda wake umepita. Kwa wasichana na wanawake vijana ipo chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018. Saratani hiyo huwapata zaidi wanawake wenye kinga iliyoshuka, na wakati dozi moja huonekana kuwatosha wasichana wenye afya, wenye upungufu wa kinga hushauriwa dozi tatu inapowezekana.

Chanjo hai na zisizo hai

Kabla ya upasuaji ndio pia wakati wa mwisho wa kutoa chanjo hai. Hizi zina kirusi au bakteria aliye hai ila amedhoofishwa asiweze kumletea ugonjwa mtu mwenye afya. Katika mwili ulioshushwa kinga, kiumbe huyo dhaifu anaweza kuongezeka bila wa kumzuia na kuleta ugonjwa wenyewe. Kundi hili lina chanjo za surua na rubela, tetekuwanga, homa ya manjano, kifua kikuu yaani BCG, na matone ya polio. Zinazohitajika hutolewa angalau wiki nne kabla ya upasuaji. Ndugu atakayetoa figo naye hapaswi kupewa chanjo hai ndani ya wiki hizo nne. Zisizo hai zinaweza kutolewa mpaka wiki mbili kabla.

Baada ya upasuaji chanjo hai kwa kawaida hazitolewi tena. Zisizo hai haziwezi kumwambukiza mtu ugonjwa, hata awe na kinga ndogo kiasi gani. Hasara yake kubwa ni kwamba huenda zisimsaidie sana.

Kosa linaloweza kutokea kijijini ni kutofautisha chanjo kwa jinsi zinavyotolewa. Matone ya polio humezwa na yana virusi hai. Chanjo ya kipindupindu inayotumika katika kampeni za Afrika nayo humezwa, lakini bakteria wake wameuliwa. Simiyu ni miongoni mwa mikoa iliyoripoti kipindupindu mwaka 2024, na kampeni za polio za nyumba kwa nyumba zimepita nchini tangu mwaka 2022, kirusi cha polio kilipogunduliwa nchi jirani ya Malawi. Kwa mtu mwenye figo ya kupandikizwa, matone ya polio hayafai, na chanjo ya kipindupindu haina kiumbe hai wa kumdhuru. La kuuliza si njia ya kutolea bali jina la chanjo na kama ni hai.

Homa ya manjano inahitaji maelezo yake. Baadhi ya nchi hudai cheti chake mpakani au uwanja wa ndege. Kanuni za kimataifa za afya zinamruhusu daktari kuandika kwamba msafiri amesamehewa chanjo hiyo kwa sababu za kitabibu, na maandishi hayo huwekwa kwenye kadi ya chanjo ya msafiri. Nchi inayopokea inaweza kuweka masharti yake, lakini kuchoma chanjo ili kupata muhuri ni hatari isiyo na sababu. La busara zaidi ni kuepuka safari ya kwenda kwenye mlipuko.

Baada ya upasuaji

Chanjo zisizo hai huanza tena kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya upasuaji, dozi za dawa zinapokuwa zimepunguzwa. Ya mafua inaweza kutolewa mapema zaidi, hata baada ya mwezi mmoja, msimu wake ukiwa umefika, na hurudiwa kila mwaka. Mgonjwa akiwa ametibiwa kwa rituksimabu, dawa inayofuta seli B, chanjo husubiri miezi kadhaa, kwa kawaida kama sita, kwa sababu bila seli B hakuna wa kutengeneza kingamwili.

Hofu inayosikika mara nyingi ni kwamba chanjo itaiamsha kinga nayo iigeukie figo. Tafiti zilizolinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa hazijaonyesha kwamba chanjo zisizo hai huongeza kukataliwa kwa kiungo. Ugonjwa wenyewe, kwa upande mwingine, hudhuru figo: nimonia au mafua makali humfanya mgonjwa apungukiwe maji, ashuke presha na atumie dawa zinazogombana na zile za kushusha kinga.

Kipimo cha kingamwili nacho kina mipaka. Kukosa kingamwili hakumaanishi kukosa kinga yote, kwa kuwa seli T zinaweza kuwa zimejifunza japo seli B hazikutoa chochote. Kuwa nazo pia si hati ya kuacha tahadhari. Isipokuwa kwa magonjwa machache kama homa ya ini B, ambako kiwango cha uniti 10 kinajulikana, kipimo hicho humwongoza daktari zaidi ya kumtuliza mgonjwa.

Upandikizaji wa uboho, ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa imeufanya kwa watoto wenye seli mundu, una sheria tofauti. Hapo kinga ya zamani hufutwa na mpya kupandwa, kwa hiyo chanjo za utotoni hurudiwa tangu mwanzo kwa ratiba ya daktari.

Kaya kama ngao

Pale mwili wa mgonjwa unaposhindwa kujikinga vya kutosha, kinga ya wanaomzunguka ndiyo inayobaki. Mke, mume, watoto na wazazi wanaoishi naye wanafaa wawe na chanjo zao zote, na za mafua na UVIKO-19 zikipatikana. Chanjo ya surua kwa mtoto wa nyumba hiyo ni salama. Kirusi chake hakitoki kwa aliyechanjwa kwenda kwa mwingine, ilhali surua yenyewe huenea kwa urahisi kuliko karibu ugonjwa wowote. Kumnyima mtoto chanjo hiyo kwa kumhofia babu aliyepandikizwa figo ni kumweka babu hatarini.

Matone ya polio ndiyo yanayohitaji uangalifu, kwa kuwa kirusi chake hutoka kwenye kinyesi cha mtoto kwa wiki kadhaa. Mtoto wa kaya hiyo anafaa apewe chanjo ya polio ya sindano panapowezekana. Akiwa amekwisha kupewa matone, mgonjwa asimbadilishe nepi, na kila mtu aoshe mikono kwa sabuni baada ya kumsafisha. Tahadhari hiyo inatosha pia kwa chanjo ya rota, ambayo nayo ni matone yenye virusi hai na mtoto hapaswi kuikosa.

Katika kaya kubwa ya Kisukuma, ambamo watu wa vizazi vitatu hula na kulala pamoja, ngao hii ni pana ikiwa wote wamechanjwa, na ina matundu mengi ikiwa hawajachanjwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua kwamba nyumba fulani ina mtu wa aina hiyo anaweza kuanzia hapo anapokagua kadi za kliniki.

Kichaa cha mbwa

Sehemu za Simiyu zinapakana na Hifadhi ya Serengeti na mapori yake, na vijiji vya ukanda huo vimekuwa na kampeni za kuchanja mbwa kwa miaka mingi ili kuzuia kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili huua karibu kila aliyeupata. Chanjo yake kwa binadamu si hai, hivyo hakuna sababu ya kumnyima aliyepandikizwa figo. Ila kwake taratibu hukazwa. Jeraha huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Hupewa dozi zote za chanjo bila kufupisha, pamoja na kingamwili zilizokwisha kutengenezwa zinazodungwa kuzunguka jeraha, hata kama aliwahi kuchanjwa zamani. Kingamwili hizo hufanya kazi bila kungoja mwili wake ujifunze. Inapowezekana, damu hupimwa wiki mbili hadi nne baadaye kuona kama ameitikia.

Taarifa inayosafiri na mgonjwa

Mambo haya yote hutegemea taarifa moja rahisi kumfikia anayeshika sindano. Karatasi inayotaja tarehe ya upandikizaji, majina ya dawa na dozi zake, chanjo zilizotolewa na tarehe zake, matokeo ya kipimo cha homa ya ini B, na namba ya kliniki iliyopandikiza, humtosha mganga wa zahanati ya Bukundi kuamua bila kubahatisha. Chanjo isiyo hai na ambayo muda wake umefika, anaweza kuitoa. Chanjo hai, au yoyote ambayo hana hakika nayo, huahirishwa mpaka kliniki ipigiwe simu. Mgonjwa mwenyewe hubaki na wajibu mmoja usiobadilika: kila anapochanjwa, hutaja kwamba amepandikizwa figo kabla sindano haijafunguliwa.